Mifupa ya Kuazima

Nilimwambia daktari apige magoti.

Sikumwomba. Nilimwambia, kwa ile sauti ninayoitumia dukani mtu anapojifanya amesahau kulipa misumari. Mkononi nilikuwa na vipira vidogo vya kijivu vinavyong'aa, nimevichota kwenye trei ya mhandisi wa chumba cha kamera bila ruhusa, na kimoja nilikuwa nimeshakibandika kwenye suruali ya daktari, ubavuni mwa goti. Suruali nzuri, imepigwa pasi ikanyooka.

"Piga magoti, daktari. Nusu tu, kama unamsalimia mkubwa wako. Halafu dada huyu akupige picha yake, atuambie kama na wewe goti lako linarudi nyuma."

Kampala mwanamke hamwambii mwanamume apige magoti. Mwanamke ndiye anayepiga. Mhandisi, mwanamke wa rika langu, aliziba mdomo kwa kiganja. Daktari alicheka kidogo, akadhani ni mzaha, kisha akaniangalia usoni na kicheko kikamwishia.

"Mama, tuheshimiane."

"Heshima ndiyo ninayoisema. Heshima ndiyo iliyomponza mtoto wangu."

Binti yangu alikuwa juu ya kitanda cha kupimia, kaptula na fulana, miguu inaning'inia, anatuangalia mmoja mmoja. Nilimgeuzia mgongo akapanda. Nikamfunga leso, nikatoka. Nyuma yangu nilisikia daktari anasema, "Mpigieni mume wake." Walimpigia. Lakini hayo yatafuata.

Nieleze vizuri, maana hapa mtaani kwetu Nateete habari hii imekuwa kichekesho. Watu wanacheka daktari na magoti yake, wanashika mbavu, wanasahau kwamba kulikuwa na mtoto aliyekaribia kukatwa mguu. Si kukatwa ukaondoka. Kukatwa kano, ile kamba ya nyuma juu ya kisigino. Kwenu labda ni kitu kidogo.

Mimi nimezaliwa ng'ambo ya Busia, upande wa Kenya, na kidato cha nne nilikimalizia huko. Nilikuja Kampala kuuza kwenye duka la simenti na mabati, nikakutana na askari kutoka kaskazini. Yeye hakujua lugha yetu, mimi sikujua yao, Kiswahili kikatuoza. Sasa yuko kikosini mbali na hurudi anapopewa ruhusa. Mtoto wetu alizaliwa kabla ya wakati wake, akachelewa kulia. Tukaambiwa ubongo ulikosa hewa, na kweli miguu ikakaza. Alianza kutembea wenzake wakiwa wameshaanza kuruka kamba. Hutembea magoti yamekunjika, kama mtu aliyetaka kukaa halafu kiti kikavutwa. Lakini anatembea. Anaenda chooni mwenyewe. Anaenda dukani kununua chumvi na kurudi na chenji kamili. Ukitaka kujua utajiri ni nini, niulize mimi.

Katika kile kituo cha miguu, sitakitaja jina, daktari mwenyewe ndiye aliyenieleza hatari. Siku hiyo nilimpenda. Alichuchumaa mbele ya mwanangu, akamshika kisigino, akazungumza na mimi kama mtu.

"Mama, watoto wa hivi ninawaona wa namna mbili. Kuna yule ambaye kano hili limekaza mpaka linasukuma goti kwenda nyuma. Huyo nikimlegezea kano, anashukuru. Na kuna anayetembea amekunja magoti. Huyo ukimlegezea kano, umemng'olea nguzo. Atazidi kushuka, kushuka, na siku moja hatainuka."

"Na wangu?"

"Kwa macho, wako anakunja. Lakini macho hudanganya, mama. Ndiyo maana tumeletewa kamera."

Maneno hayo niliyashika kama amri kumi. Sikuyatunga mimi. Yeye ndiye aliyesema atazidi kushuka na siku moja hatainuka.

Sasa niseme juu ya magoti. Mchana nikiwa dukani, mtoto hubaki na mama mwenye nyumba wetu, Muganda mzee kidogo, mjane, ambaye binti yangu humwita jajja, yaani bibi. Huyo ndiye aliyeanza kumfundisha kusalimia kwa kupiga magoti, kama wasichana wa Kiganda. Mimi sikupenda. Kwetu tunapeana mkono, tumesimama.

"Jajja, magoti ya huyu ni magonjwa," nilimwambia. "Utamvunja."

"Nyabo, we mama, mtoto anakaa kwa nyumba yangu, anakula matooke yangu, halafu anasalimia watu kama askari? Aa. Hapana."

"Baba yake ni askari."

"Basi baba yake asimame. Huyu ni musichana."

Ungeshindana naye? Mimi sikuweza. Mtoto alianza kwa kushika benchi. Anashuka kidogo, anatetemeka, anapanda. Baada ya muda akaanza kuliacha benchi. Na jioni moja nilikuwa mlangoni nawasha jiko, jirani akapita, na mwanangu, bila kushika kitu chochote, akakunja magoti nusu, mikono mbele, kichwa pembeni, akasalimia. Halafu akainuka. Peke yake. Mtoto ambaye nilikuwa nimeambiwa huenda asisimame kabisa. Niliinama nikaanza kuligombeza jiko ili asinione uso.

Tangu hapo hakumwacha mtu apite. Muuza mkaa anasalimiwa. Mwenye bodaboda anasalimiwa. Mbuzi angekuwa na cheo angesalimiwa pia.

Siku ya kupimwa nilimwogesha vizuri, nikampaka mafuta, kumbe mafuta ndiyo yasiyotakiwa kwa sababu vipira havishiki. Mhandisi alimfuta kwa spiriti huku anafyonya kidogo kidogo. Chumba chenyewe ni kikubwa, kamera zimepangwa juu kwenye kuta kama ndege juu ya waya. Akambandika vile vipira: kwenye nyonga, kwenye magoti pande mbili, kwenye vifundo, kwenye vidole. Mtoto anacheka, vinamtekenya.

Niliuliza ni vya nini. Na hapo nataka niwe wa haki, yule mwanamke alinieleza vizuri.

"Mama, ndani ya kompyuta kuna mifupa. Mifupa ya mtu mzima, na misuli yake yote. Sasa sisi tunaipunguza ifanane na ya mtoto. Paja tunalipunguza mpaka lifike urefu wa paja lake, mguu wa chini hivyo hivyo, nyonga hivyo hivyo. Tunajuaje? Kwa vipira. Mifupa ile nayo imebandikwa vipira. Tunavuta, tunapunguza, mpaka vipira vyake vikae palipo vipira vya mtoto. Halafu mtoto akitembea, mifupa inatembea."

"Mifupa ya nani hiyo?"

"Si ya mtu, mama. Ni modeli."

"Kwa hiyo ni ya kuazima."

Alicheka. "Haya, ya kuazima. Lakini ile inasimama wima, miguu imenyooka. Kwa hiyo na mtoto lazima asimame wima kwa picha ya kwanza. Hiyo ndiyo msingi. Msingi ukienda upande..." Akalaza kiganja chake hivi, kama nyumba inayoanguka.

Nataka mlisikie hilo. Alijua.

Mwanangu akishikwa mabega huweza kunyoosha magoti karibu yote. Nilimshika, nikamnyoosha, nikamwambia, "Simama kama baba kwenye gwaride." Akasimama. Nikamwachia taratibu, nikarudi nyuma ya mstari nilioonyeshwa. Alikuwa anatetemeka lakini amesimama. Mhandisi alikuwa kwenye kiti chake, macho kwenye kioo cha kompyuta, kidole tayari.

Mlango ukafunguliwa. Daktari akaingia na wageni wake, wanaume wenye makoti, anawaonyesha kamera. Na mwanangu afanyeje? Ameona wakubwa. Akakunja magoti nusu, mikono mbele, kichwa pembeni.

"Wasuze otya, ssebo."

Chumba kizima kikayeyuka. "Bambi, jamani! Mwone! Eh, mama, umemlea!" Wageni wakamjibu, yeye akabaki palepale chini, maana salamu za Kiganda haziishi upesi. Umelalaje, wa nyumbani hawajambo, asante kwa kazi, na yeye anaitikia kila moja, magoti yamekunjwa, vipira vinawaka.

Mhandisi hakugeuka. Alikuwa anaangalia nukta zake. Akabonyeza.

"Tumeipata. Sasa atembee."

"Ngoja, dada," nilisema. "Alikuwa ameinama."

"Amesimama, mama. Vipira vyote vimeonekana."

"Alikuwa anasalimia!"

"Ni kidogo tu. Kompyuta itarekebisha." Na daktari naye, kwa sababu ya wageni, "Twende, twende, mtoto asichoke."

Mtoto akatembea. Alitembea vizuri siku hiyo, kwa sababu alikuwa amesifiwa.

Majibu yalipotoka, tuliitwa. Mhandisi akageuza kioo tuone. Ndani yake kulikuwa na mifupa midogo, myeupe, mizuri hata, na misuli myekundu kama kamba za viatu. Ilikuwa inatembea. Na kila ilipokanyaga, goti lilirudi nyuma. Nyuma kabisa, kama miguu ya kaloli, yale madege makubwa yanayosimama juu ya jalala na upara wao. Nikaangalia mifupa, nikamwangalia mwanangu aliyekaa pembeni yangu na magoti yake yamekunjwa kama siku zote.

"Huyu ni nani?" niliuliza.

"Ni binti yako, mama."

"Binti yangu hatembei hivyo."

Daktari akajikohoza. Akasema ndiyo, hata yeye alishangaa, lakini ndiyo faida ya kipimo. Goti linasukumwa nyuma. Kwa hiyo ni yule wa namna ya kwanza. Kano litalegezwa, miguu yote miwili, na alikuwa ameshamwekea nafasi.

Mimi sikusoma mifupa. Lakini nimekaa na mizani. Mwenye duka wetu, Mungu amsamehe, ana mizani ya misumari, na kabla ya mteja kuingia huibana kidogo chini, ili ikikaa bure isome sifuri. Ukianza na sifuri ya uongo, kila kitu baada yake kinakuwa uongo, na mshale unatembea vizuri tu, haukwami popote. Hawa waliiambia kompyuta: mtoto huyu, hapo alipo, amenyooka. Na alikuwa amekunja. Basi akinyooka zaidi ya hapo, kompyuta itasema nini? Itasema amepita kunyooka. Itasema goti limeenda nyuma. Kwani itasema nini kingine, maskini, na yenyewe ndivyo ilivyoambiwa?

Nikawaeleza hivyo. Polepole. Kwa adabu. Naapa kwa adabu.

Mhandisi akanionyesha rangi za buluu na za waridi. "Angalia, mama. Za waridi ni vipira vya modeli, za buluu ni vya mtoto. Zimekaa pamoja. Tofauti ni ndogo kuliko punje ya mchele."

"Vipira vimelingana, naona. Na mtoto?"

"Vipira ndiyo mtoto."

"Vua basi hivyo vipira vyako twende nyumbani navyo, umwache huyu hapa."

"Mama, usikasirike. Wazazi wengi hawapendi matokeo. Jicho la mzazi lina huruma."

"Mpime tena. Leo, yupo hapa, nimemwogesha bila mafuta."

Hapana. Kamera zina ratiba. Kuna utafiti. Kuna wageni wengine wanakuja. Nilirudi mara ya pili, nikaambiwa nisubiri, nikasubiri na mtoto mpaka akalala kwenye benchi, daktari akapita akasema "bado uko, mama?" akaenda. Nilirudi tena, na ndiyo ile siku. Nilimkumbusha daktari maneno yake mwenyewe ya namna mbili. Akaniambia, "Mama, hayo nilisema kabla hatujapima." Akaongeza, na uso wa upole kabisa, "Kila mtu na kazi yake. Wewe mlee, mimi nimnyooshe."

Hapo ndipo mkono wangu ulipoingia kwenye trei.

Jioni ile mume wangu alipiga simu, wameshamjaza maneno.

"We mama, umefanya nini huko? Watu wanatusaidia, wewe unawatukana?"

"Sijatukana. Nimemwambia apige magoti."

"Daktari?"

"Daktari."

"Umesomea mifupa wewe?"

"Sijasomea. Wewe umeona mtoto wako akitembea?"

"Nimeona."

"Goti linaenda wapi?"

Nilisikia redio kwa wenzake huko kambini. "Mbele," alisema.

"Basi."

"Lakini wamesema usipompeleka siku ya upasuaji, jina lake linatolewa kituoni. Hata viatu vya chuma hapati, hata mazoezi."

Kwa hiyo ndiyo ilikuwa hivyo. Nimpeleke akatwe kano lisilo na kosa, au nimnyime tiba yote. Na mume wangu, mtu anayelala na bunduki kando, akamalizia, "Usigombane na watu wakubwa, tafadhali." Nilikata simu. Nilimkatia na kesho yake pia.

Mama mwenye nyumba aliisikia habari kabla sijaimeza chai.

"Eh! Eh! Nyabo! Umeambia musawo afukamire?"

"Nilimwambia daktari apige magoti, ndiyo."

"Na alifukama?"

"Hakufukama."

"Ungengoja kidogo, labda angefukama!" Akacheka, akapiga mapaja, gomesi, lile vazi lake la Kiganda, ikamlegea kiunoni. "Wakenya nyinyi. Rakini ni mambo ya aibu, nyabo. Kweli."

Alikuwa bado anacheka jirani alipopita uani. Mwanangu alikuwa kwenye benchi. Hakushuka. Jirani akasimama, akangoja kama kawaida, na mtoto akampungia mkono tu.

"Aa, leo umesahau nini?" bibi yake akamwuliza.

"Jajja, mimi sipigi tena. Naharibu kompyuta."

Sijui walimwambia, au aliokota kwenye maneno yetu. Mtoto huokota. Kile kitu kimoja ambacho kwacho alikuwa ameushinda mwili wake mwenyewe, akakirudisha, akakiweka chini, kwa sababu watu wazima hawakutaka kubonyeza mara ya pili. Bibi aliacha kucheka. Akaingia ndani, akatoka amejifunga mshipi wa gomesi upya na mkoba kwapani.

"Twende," akasema.

"Wapi?"

"Kwa mkubwa wao. Kila mutu iko na mkubwa."

Kwenye ofisi ya kituo tulimkuta karani anakula karanga. "Malalamiko ya nini, mama? Ya choo, ya foleni, au ya lugha chafu?"

"Lugha chafu nimeitoa mimi. Haya ni ya mguu."

"Ya mguu hatuna fomu."

"Nipe karatasi tupu."

Akanipa. Bibi akakaa kwenye kiti cha wageni, akamwuliza yule karani mama yake anatoka wapi na ukoo wao ni upi, na karani hakuweza tena kutuambia turudi kesho. Niliandika kwa Kiingereza changu cha shule, kwa sababu alisema mkurugenzi hasomi kingine. Hapa nayaweka kwa lugha ninayojua kukasirika kwayo. Ni maneno yaleyale, na karani aliyapiga muhuri mbele yangu.

*

Kwa Mkurugenzi wa Kituo.

KUH: KIPIMO CHA MWENDO CHA BINTI YANGU NA UPASUAJI ULIOPANGWA

Mimi ni mama mzazi wa mtoto wa kike wa miaka saba anayetibiwa miguu katika kituo chako. Ninalalamika rasmi juu ya kipimo chake, na ninamlalamikia daktari wake na mhandisi wa chumba cha kamera kwa pamoja.

Siku ya kipimo, picha ya kwanza, ambayo mtoto hutakiwa kuwa amesimama wima, ilichukuliwa wakati amekunja magoti kuwasalimia daktari na wageni walioingia mlango ukiwa haukufungwa. Nilisema palepale. Sikusikilizwa. Kompyuta ikaandikiwa kwamba hivyo ndivyo anavyosimama akiwa amenyooka, na mifupa ya modeli ikapunguzwa na kubandikwa vipira kwa kuifuata picha hiyo. Ndiyo sababu inaonyesha magoti yakirudi nyuma. Magoti ya binti yangu hayarudi nyuma. Mtu yeyote wa kituo chako anaweza kuliona hilo kwa kumtembeza koridoni.

Daktari wake aliniambia kwa kinywa chake kwamba mtoto anayekunja magoti akilegezwa kano la kisigino anaweza kupoteza kusimama. Sasa anataka kumlegeza. Nimeomba apimwe upya zaidi ya mara moja. Nimejibiwa kwamba alama zimelingana. Sijawahi kubisha kwamba alama zimelingana. Nabisha kwamba zimelinganishwa na kosa.

Nimeambiwa pia kwamba nisipomleta kwa upasuaji atanyimwa viatu vya chuma na mazoezi. Nakuuliza kwa maandishi kama hiyo ni sheria ya kituo au ni sheria ya mtu, na nataka unijibu kwa maandishi.

Ninaomba picha ya kwanza ipigwe upya, mbele yangu, mlango umefungwa, na mtu aliye chumbani amwangalie mtoto kabla ya kuangalia kioo. Ninaomba matokeo ya zamani yaondolewe kwenye jalada lake ili daktari mwingine asije akayatumia.

Idhini ya upasuaji niliyotia sahihi siku ya kumwandikisha, kabla ya kipimo, ninaiondoa kuanzia leo. Asiguswe.

Mama mzazi.